Nondo za Juu ya Paa

Panda jengo lolote refu la Kariakoo, Sinza au Magomeni, kisha chungulia mapaa ya majirani. Utaona nondo. Zimesimama juu ya nguzo kama nywele zilizokosa kitana. Nyingine zimepinda, nyingine zimefungiwa kamba za kuanikia nguo, zote zimeota kutu. Kila kichaka cha nondo pale ni nia ya mtu. Mwenye nyumba alijenga ghorofa mbili, pesa ikakata, akaacha vyuma nje ili mambo yakinyooka aje aunganishe ya tatu. Tutaendelea, Mungu akijalia. Wenyeji wa Dar es Salaam hatuzioni tena, zimeshakuwa sehemu ya anga.

Mimi naziona, na zinanikosesha amani. Ni mhandisi wa miundo ya majengo, yaani yule ambaye mbunifu akishachora jengo likapendeza, yeye huulizwa litasimamaje. Miaka michache iliyopita nondo za namna hiyo ziliniingiza kwenye mvutano wa karibu mwaka mzima na hospitali moja ya hapa mjini. Jina lake nitalihifadhi. Jengo lao la zamani ni la ghorofa tatu, na liko jirani na bahari kiasi kwamba kusi ikivuma unaonja chumvi mdomoni. Walitaka kuongeza ghorofa mbili juu yake kwa ajili ya vyumba vya upasuaji na wagonjwa mahututi, halafu ubavuni wajenge jengo jipya la vipimo vya picha: eksirei, CT-Scan, MRI. Benki ilishakubali mkopo. Lilibaki sharti moja, cheti cha mhandisi aliyesajiliwa kinachosema jengo la zamani linaubeba huo mzigo.

"Injinia, hatuna shida kubwa," mkurugenzi aliniambia kwenye simu. Ni daktari, mtu wa heshima zake na ananizidi umri, kwa hiyo nilikuwa nimeanza na shikamoo. "Nondo zipo juu, waliojenga waliziacha wenyewe. Wewe tuandikie barua tu."

Barua tu.

Niseme kidogo barua hiyo ni kitu gani, maana hata ndugu zangu hudhani nalipwa kwa kugonga muhuri. Bodi ya Usajili wa Wahandisi, iliyopo kwa sheria ya mwaka 1997, haigawi mihuri kwa kila aliyevaa joho. Unamaliza shahada, unakwenda kufundwa kazini, wengi wetu kwa miaka mitatu, unaandika ripoti, unasailiwa na wazee wasiocheka, ndipo unapewa namba. Namba hiyo ndiyo inayokaa kwenye muhuri. Ukiugonga chini ya maneno "jengo hili linabeba", maana yake umeangalia. Siku likianguka, karatasi itatafutwa kabla kifusi hakijaisha kuondolewa.

Nilikuwa bado kwenye mafunzo hayo asubuhi ya Ijumaa Kuu, 29 Machi 2013, jengo la ghorofa nyingi lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi lilipoporomoka. Watu 36 walikufa. Jumanne yake ofisini, baada ya sikukuu, hakuna aliyezungumza kwa sauti. Mzee aliyekuwa akinifunda alivuta droo, akatoa muhuri wake, akauangalia, akaurudisha, akafunga droo kwa ufunguo. Kabla ya siku ile sikuwahi kumwona akiifunga. Mwaka 2024, mwezi Novemba, jengo jingine likaanguka Kariakoo na kuua zaidi ya watu 20, na nikajikuta nami nafanya vilevile na droo yangu, kama vile muhuri unaweza kutoka usiku ukaenda kusaini wenyewe.

Jengo likianguka, mitaani watu huuliza saruji na nondo. Fundi kaiba saruji, tajiri kabana nondo. Mara nyingine ni kweli. Lakini kuna swali linalokuja nyuma ya hayo na halipewi nafasi: jengo hili lilijengwa libebe nini, na lilipoanguka lilikuwa limebeba nini?

Mfano ninaowapa vijana ofisini unatoka Seoul, Korea Kusini. Duka kubwa la Sampoong lilianza kwenye karatasi kama jengo la ghorofa nne. Mwenye mali akabadilisha matumizi, akaongeza ghorofa ya tano, nayo ikawa ya migahawa yenye sakafu nene ya zege la kupashwa joto, kama ilivyo desturi yao. Nguzo zilikuwa zimepunguzwa unene. Baadaye mitambo mizito ya kupoza hewa iliyokuwa juu ya paa ikahamishwa upande mwingine, na badala ya kuinyanyua kwa kreni wakaikokota juu ya slabu, yaani sakafu ya zege. Nyufa zikaanza kuzunguka nguzo. Slabu isiyo na boriti inayokalia nguzo moja kwa moja ina tabia mbaya: haichoki polepole ukaiona ikilegea, bali nguzo inaitoboa ghafla kama kidole kwenye karatasi. Tarehe 29 Juni 1995 ilitoboka, na watu 502 wakafa. Hakuna kosa moja pale unaloweza kulinyooshea kidole ukasema ndilo hili. Kila badiliko lilikuwa dogo, na kila moja lilikuwa na mtu aliyesema litabeba.

Basi nikamwambia daktari kwamba barua nitaiandika, ila kwanza nataka ramani za jengo. Si za vyumba, nataka za miundo, zinazoonyesha ukubwa wa msingi na nondo zilizomo ndani ya nguzo. Wakatafuta wiki mbili. Zikapatikana ramani za mbunifu tu, zimeliwa na panya upande wa ngazi. Za miundo hazikuwepo hospitalini wala manispaa, na kampuni iliyozichora ilikuwa imeshakufa.

Kilichopatikana ni mtu. Msimamizi wa matengenezo wa hospitali alinikutanisha na mzee wa Temeke aliyekuwa fundi nondo kwenye ujenzi ule, enzi za ujana wake. Tulimpandisha ngazi taratibu hadi juu ya paa. Akazigusa zile nondo kama mtu anayepapasa kichwa cha mjukuu.

"Hizi nilizikata mimi," akasema.

Nikamuuliza, "Mzee wangu, mlipoambiwa mziache, mliambiwa zitakuja kubeba ghorofa ngapi?"

Akacheka. "Nani atuambie? Tulizoea kuziacha. Ukizikata, mwenye jengo anaona umemfungia riziki."

Akanieleza mengine bila kuulizwa. Zege lilichanganywa chini kwa koleo, moja kwa mbili kwa nne, yaani karai moja la saruji, mawili ya mchanga, manne ya kokoto. Maji yalipimwa kwa macho. Kuna kipindi mchanga uliletwa ukiwa na chembe za makombe ndani yake, na wao vijana waliziokota wakachezea bao. Alisimulia hilo kwa furaha, kumbukumbu za ujana. Mimi roho ilishuka. Mchanga wenye makombe umetoka pwani, na mchanga wa pwani usiooshwa unakuja na chumvi yake. Chumvi ndani ya zege haitoki. Inakaa na nondo ndani kwa ndani, na chuma kikishaota kutu kinavimba, kinalipasua zege kutoka tumboni.

Tukaanza kupima. Kupima jengo la hospitali lenye wagonjwa ndani ni kazi ya mtu mwenye subira ya mganga. Mashine ya kukata vipande vya zege inapiga kelele na kumwaga maji ya tope. Muuguzi mkuu, mama mmoja ambaye kila mtu pale anamwita Matroni na hakuna anayembishia, alitupa saa mbili kwa siku, baada ya daktari kupita wodini na kabla ya wageni kuingia, na alisimama mlangoni akiangalia saa ya mkononi. "Injinia, mtoto wa kitanda cha sita ndiyo kwanza amelala." Tukazima. Siku hiyo hatukupata kipande hata kimoja.

Vifaa vyenyewe ni vya kawaida. Skana inayoonyesha nondo ziko wapi na ziko chini kiasi gani. Nyundo ya Schmidt, inayogonga zege na kusoma linavyorudisha pigo, nzuri kwa kulinganisha sehemu na sehemu, hatari ukiitegemea peke yake. Halafu vile vipande vya mviringo vya milimita 100, vinavyopelekwa maabara kuvunjwa. Na ile ninayoipenda kuliko zote, kichupa cha fenolftalini. Zege changa lina ukali wa chokaa unaoilinda nondo isipate kutu. Hewa inaingia miaka na miaka, ukali ule unapungua kuanzia nje kwenda ndani. Ukipulizia dawa ile kwenye zege ulilolivunja muda huohuo, palipo hai panageuka waridi la kukolea, palipochoka hapabadiliki rangi. Mtoto wa shule anaweza kulisoma jibu.

Kwenye nguzo za upande wa bahari, waridi lilianzia nyuma ya nondo. Nondo zenyewe zilikuwa zimekaa kwenye zege lililochoka, tena karibu mno na uso, mahali pengine chini ya sentimita moja na nusu. Vipande vya maabara vilitofautiana kama ndugu wa mama mbalimbali: kimoja kilikuwa kizuri kuliko nilivyotarajia, cha nguzo inayofuata kilikuwa karibu nusu yake. Ndiyo hulka ya zege la koleo. Siku fulani mchanganyaji alikuwa na nguvu, siku fulani alikuwa amefunga.

Tukachimba na mashimo ya kuchungulia msingi, matatu. Yalijaa maji kabla hatujamaliza kupima, maana ilikuwa masika na maji ya ardhini maeneo yale hayako mbali na miguu yako. Msingi tuliuona. Ulikuwa mdogo kuliko nilivyokuwa nimeukadiria mezani.

Hesabu yenyewe haitaki kompyuta. Nguzo ya katikati ya jengo lile inapokea eneo la mita 6 kwa 6, mita za mraba 36. Ukijumlisha slabu, boriti, kuta, vigae, vitanda na watu, ghorofa ya zege inakaribia tani moja kwa kila mita ya mraba. Kila ghorofa unayoongeza, basi, inaweka tani 36 juu ya nguzo hiyo, zaidi ya tipa la matairi kumi lililojaa kokoto. Wao walitaka mbili. Tipa mbili na ushee juu ya kila nguzo, chini kukiwa na msingi uliolowa, katikati kukiwa na zege lililochoka.

Na zile nondo, chanzo cha maneno yote? Nondo ya milimita 16, ili ipokezane mzigo na mwenzake, inataka kupishana naye kwa kiasi cha mara 40 ya unene wake, sentimita 64 hivi. Zilizokuwa juu ya paa, baada ya kutoa zilizoliwa na kutu na zilizokunjwa na kukunjuliwa, hakukuwa na nguzo hata moja iliyobakiwa na nusu ya hiyo.

Nilipeleka ripoti. Mkurugenzi aliisoma ukurasa wa mwisho tu, kama wanavyofanya wote.

"Mbona unatukwamisha, Injinia? Jengo lina miaka zaidi ya thelathini halijatingishika."

"Daktari, mgonjwa wako akikwambia hajawahi kuumwa, unamwongezea mzigo wa kubeba bila kumpima moyo?"

Hakufurahi. Nakiri ulikuwa ujeuri, kumfundisha daktari kwa mfano wa daktari. Akasema, kwa upole uliokuwa mbaya kuliko hasira, kwamba wahandisi wenye mihuri wako wengi Dar es Salaam. Nikamwambia ni kweli. Tukaagana vizuri. Kwa wiki tano sikupigiwa simu, na kila niliposikia king'ora cha zimamoto nilijiuliza kama wamempata huyo mwingine.

Walirudi. Sikuwashawishi mimi, ni benki ndiyo iliyotaka kuona majibu ya maabara na si barua peke yake, na majibu yalikuwa yaleyale hata ungebadilisha mhandisi mara kumi. Mpango ukageuzwa: jengo la zamani libaki na ghorofa zake tatu na lifanyiwe matibabu, jipya la ubavuni lirefuke, lipokee vyumba vya upasuaji pia.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba jengo jipya ndiyo sehemu rahisi. Paili, yaani nguzo za msingi zinazozama ardhini, hatukuzigonga, tulizichimba, kwa sababu kugonga kungetikisa kuta za wagonjwa jirani. Zege tulimwaga usiku. Mchana foleni ya Barabara ya Morogoro inaweza kulishikilia lori hadi zege lianze kukaza njiani, kisha dereva au fundi anakwambia "tuongeze maji kidogo tu, Injinia", na hayo maji kidogo ndiyo yanayokuja kuonekana kwenye nyufa. Kyubu za kupima, yaani vibonge vya zege vya kwenda kuvunjwa kupima nguvu yake, nilichukua mwenyewe katikati ya kumwaga, si mwanzoni ambapo kila mtu ana adabu. Zinavunjwa nyingine siku ya 7, nyingine siku ya 28. Nimewahi kuona saiti ambayo kyubu zake zilikuwa ngumu kuliko nguzo zake. Kulikuwa na ndoo moja ya zege maalumu, zege la wakaguzi.

Kilichotuumiza kichwa ni pale jipya linapokutana na la zamani. Jengo lililosimama miongo mitatu limeshamaliza kukaa; jipya litashuka milimita kadhaa chini ya uzito wake. Ukiyaunganisha, jipya linalivuta la zamani kama mlevi anayemshika bega mwenzake. Kwa hiyo tuliacha nafasi ya milimita 50 kati yao, kuanzia msingi hadi paa, na njia za kupitishia vitanda zikawa na mabamba yanayoteleza. Nilichora, nikaeleza kwenye kikao, nikaandika kwenye kitabu cha saiti. Jumamosi moja sikwenda, nilikuwa kwenye harusi Mbagala. Jumatatu nikakuta fundi plasta ameziba nafasi yote ya ghorofa ya kwanza kwa mota ya saruji na mchanga, amesawazisha, amepiga na brashi. Kazi safi mno. "Niliona mmesahau ufa, bosi." Ningemlaumu vipi? Maisha yake yote amelipwa kwa kuziba nyufa. Mwenye kosa ni mimi, niliyeeleza kikaoni na sikumweleza mwenye mwiko. Tuliuchonga siku tatu.

Watu huuliza nafasi hiyo ina kazi gani nchi isiyo na matetemeko. Nao walikuwepo hapa tarehe 12 Agosti 2020, saa mbili usiku, tetemeko la baharini upande wa Mafia lilipotikisa Dar nzima na watu wakashuka maghorofani na nguo za kulalia. Bukoba wanakumbuka vizuri zaidi Septemba ya 2016. Hospitali ina deni ambalo majengo mengine hayana: baada ya tetemeko watu wanaikimbilia, hawaikimbii. Kule Los Angeles, hospitali ya Olive View ilikuwa mpya kabisa ilipobomolewa na tetemeko la Februari 1971. California ikatunga sheria ya peke yake kwa majengo ya hospitali mwaka 1973, hospitali ikajengwa upya imara kama ngome. Tetemeko la Januari 1994 likaja, ngome ikasimama, haikuanguka hata nguzo. Lakini mabomba yalikatika darini, maji yakamwagika wodini, wagonjwa wakahamishwa. Tangu nilisome hilo, kabla ya kukagua nguzo za hospitali naangalia kwanza mitungi ya oksijeni imefungwa na nini. Kwa kawaida imefungwa na mazoea.

Nikuambie na kosa langu jingine, hili lilinitoa jasho kweli. Mashine ya MRI ina sumaku ya tani tano hivi, nyingine zaidi. Sakafu yake kwenye jengo jipya niliihesabia vizuri, hadi mtikisiko wa magari ya barabarani, kwa kuwa mashine ile haitaki kutikiswa hata na lori linalopita. Wiki moja kabla ya kuipokea, kijana wa kampuni ya kuihamisha alikuja kupima milango. Akaniuliza swali la kawaida kabisa: "Njia ya kupitia inabeba kiasi gani, Injinia?" Njia ilikuwa ni baraza la jengo la zamani. Nikaenda kulikagua, nikaona mfuniko wa chuma sakafuni. Nikaufunua. Chini yake, giza na maji. Baraza lote lile lilikuwa ni paa la tanki la maji la ardhini, slabu nyembamba ambayo kwa miaka yote imebeba watu na machela. Mwaka mzima nilikuwa nimeilinda nguzo isiongezewe tani 72, na nilikuwa nimebakiza siku saba niipitishe sumaku ya tani tano juu ya ngozi ya ngoma. Tulilikausha tanki, tukasimamisha jeki za chuma ndani, tukatandika mabamba juu. Sumaku ilipita saa kumi alfajiri. Sikuzungumza na mtu hadi ilipovuka.

Karatasi? Zilikuwa nyingi. Kibali cha manispaa, mabango ya mbunifu, mhandisi na mkandarasi na namba zao, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, zimamoto, mazingira, Tume ya Nguvu za Atomiki kwa vyumba vya mionzi. Kila mmoja alikagua cha kwake na wengi wao walikagua vizuri. Zimamoto walihesabu ngazi. Wa mionzi walipima kuta na milango yenye bamba la madini ya risasi, linaloongeza kilo 20 na zaidi kwa kila mita ya mraba hata likiwa la milimita mbili tu. Lakini katika faili lote lile hakuna karatasi iliyotaka kujua chini ya baraza kuna nini.

Cheti changu niliandika mwishoni, na kilikuwa kirefu kuliko walivyotaka. Kilisema jengo la zamani libaki wodi, ghorofa tatu, basi. Kilisema simtanki nne za lita 10,000 zilizopandishwa juu ya paa lake kipindi cha shida ya maji, tani 40 zikijaa, ambazo hakuna mhandisi aliyeulizwa, zishushwe. Na kilisema habari ya masijala.

Masijala ya hospitali ile ilikuwa ghorofa ya pili, kwenye iliyokuwa wodi ya wanawake. Wodi huhesabiwa kilo 200 za mzigo kwa mita ya mraba. Mzigo wa ghala la kawaida, kwa kiwango cha Uingereza tulichokitumia miaka mingi, ni kama kilo 240 kwa mita ya mraba kwa kila mita moja ya kimo, na pale mafaili yalikuwa yamepangwa hadi mita mbili, ukuta kwa ukuta. Karatasi ni nzito, ila kwa vile tunaibeba moja moja tunasahau. Nikachukua kopo la rangi nyekundu, nikapiga mstari ukutani sentimita 80 kutoka sakafuni, chumba chote. Chini ya mstari mafaili, juu ya mstari hewa.

Mzee wa masijala aliuangalia mstari, akaniangalia. "Kwa hiyo, Injinia, wagonjwa wa kabla ya 2009 niwapeleke wapi?"

Tuliwapeleka chini, kwenye sakafu iliyokaa juu ya ardhi. Aliwashusha mwenyewe kwa toroli, mwaka baada ya mwaka, hakutaka kijana yeyote ayachanganye mafaili.

Kipengele cha mwisho cha cheti kilibishaniwa kuliko vyote: nondo za juu ya paa zikatwe na vichwa vya nguzo vifunikwe, ili atakayekuja baada ya miaka ishirini asipande, akaziona, akampigia mhandisi simu aandikiwe barua tu. Mkurugenzi alisema ni kama kuifungia hospitali riziki, maneno yaleyale ya yule mzee wa Temeke, ingawa hawajawahi kuonana. Akakubali kwa shingo upande. Fundi alipanda na grinda, cheche zikaruka siku mbili, vyuma vikaenda kwa wanunuzi wa chakavu kwa kilo.

Nilipita wiki iliyopita kuangalia. Zimebaki mbili, kona ya mashariki. Dishi la televisheni la wodi ya wanaume limefungwa pale kwa waya, na Matroni ameshanionya nisimlete mtu wa grinda kabla Simba na Yanga hawajacheza.